UZI: Bweni la wavulana, shule za msingi za Kikatoliki. Kabla ya kuuliza wastani wa Necta, uliza nani anawalinda watoto usiku

#1 Mzee wa Kengele (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Ikifika Septemba foleni za fomu zinaanza, na maswali ya wazazi ni yale yale: ada kiasi gani, mwaka jana mlishika nafasi ya ngapi, basi lipo? Majibu ya hayo yamebandikwa getini. Uzi huu ni wa yasiyobandikwa: bweni la wavulana la shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Tanzania linavyokwenda tangu kengele ya alfajiri mpaka taa zizimwe, na mahali linapoharibikia. Wenye ujuzi wa jiko, sakristia, dawa na ubao karibuni. Hadithi za "enzi zetu" zipelekwe uzi mwingine.

Kwanza umri. Tangu waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023, bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne limezuiwa, labda shule iwe na kibali maalumu. Kwa hiyo hapa tunamzungumzia mtoto wa darasa la tano mpaka la saba, miaka 10 hadi 13 hivi. Ukiambiwa "mlete tu hata wa la pili, masista watamlea", omba kuona kibali. Hakuna, geuza gari.

Sasa swali la getini. Usiku saa 8 mtoto ameamka na homa, anabisha mlango wa nani? Jibu zuri lina jina la mtu na lina hatua: patroni (mlezi wa bweni) fulani, chumba chake kimeungana na bweni, hatua kumi na tano kutoka kitanda cha mwisho, matroni wa zamu yuko jengo la pili. Jibu baya ni "viranja wapo". Kiranja wa darasa la saba ni mtoto wa miaka 13. Anaweza kuhesabu ndoo na kupanga zamu ya kudeki. Kulinda wenzake usiku si kazi yake. Uonevu, wizi wa sabuni, kutumana maji, vyote hupata nafasi kati ya taa kuzimwa na kengele ya asubuhi, wakati mtu mzima hayupo.

Hili si jipya kwa Kanisa. Padre Yohane Bosco aliandika juu ya malezi ya kuzuia mwaka 1877: mlezi awe katikati ya vijana, uwanjani, bwaloni, bwenini, kosa lizuiwe kabla halijatendeka badala ya kusubiriwa liadhibiwe. Akayajenga juu ya vitu vitatu: akili, dini na upendo. Shule kadhaa zina picha yake ukutani na bweni lisilo na mlezi.

Na mlezi naye awe na mipaka. Mtu mzima hakai na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa, awe patroni, mwalimu, bruda au padre. Maungamo ya watoto yasikilizwe mahali panapoonekana na watu hata kama maneno hayasikiki. Namba 116, simu ya bure ya mtoto, ibandikwe bwenini kwa maandishi makubwa, na kuwe na simu ambayo mtoto anaweza kuifikia bila kupitia kwa mtu yule yule anayetaka kumlalamikia. Hapo mwisho ndipo wengi wanaposahau.

Ratiba inayowafaa watoto wa rika hili huwa karibu na hii:

11:30 alfajiri kengele, kutandika, kunawa
12:00 sala ya Malaika wa Bwana, kisha misa au sala ya asubuhi
12:50 uji
1:20 usafi wa mazingira, halafu mstarini
2:00 vipindi, mapumziko saa 4:20
6:00 mchana Malaika wa Bwana, darasa linasimama dakika mbili
7:00 chakula
8:00 hadi 9:30 vipindi vya mwisho, mazoezi, maktaba
10:00 michezo, kisha kuoga
12:00 jioni Malaika wa Bwana, na rozari mwezi Mei na Oktoba
12:30 chakula
1:15 hadi 2:30 usiku prepo (kujisomea)
2:30 sala ya usiku
3:00 taa

Kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni, ndiyo saa ya shule. Mtoto mgeni baada ya wiki mbili haulizi tena muda. (Kipindi cha Pasaka huimbwa Malkia wa Mbingu badala yake. Mgeni akiinamisha kichwa na kuanza "Malaika wa Bwana" peke yake, darasa zima linacheka.)

Kuanzia saa 3 usiku hadi 11:30 ni saa 8 na nusu. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 hadi 12, kwa hiyo hata ratiba hii inamnyima kidogo. Ndiyo maana Jumamosi na Jumapili mchana saa moja ya kulala iwe ya lazima, isiwe ya kujifulia soksi.

#2 Kibonge wa Uru

Uzi safi. Ila mkuu, shule zinazoongoza kanda zinaamsha saa 10 alfajiri na taa ni saa 4 usiku. Matokeo si tunayaona?

#3 Mwl. Hesabu

Kibonge, saa 4 usiku mpaka saa 10 alfajiri ni saa 6. Tembelea darasa la namna hiyo saa 8 mchana uhesabu vichwa vilivyolala juu ya madawati. Yaliyosomwa mchana hupangwa kichwani usiku mtoto akiwa amelala. Ukimkata usingizi umemkata na somo. Na matokeo mazuri ya shule za namna hiyo yana sababu nyingine isiyosemwa: mchujo wa kuingia, na kuwaondoa wa chini kabla ya la saba.

Twende kwenye ubao. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo 6: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Kila somo alama 50, jumla 300. A ni 241 mpaka 300, B 181 mpaka 240, C 121 mpaka 180. Mzazi anayefuatilia Hisabati peke yake anafuatilia sehemu moja ya sita. Mtoto mwenye 45 ya Hisabati na 28 ya Maarifa amepoteza alama 22 kwenye somo linalodai kusoma tu.

Muundo ni maswali 45: arobaini ya kuchagua, alama moja moja, na matano ya mwisho ya kuandika, alama mbili mbili. Maana yake matano yale yana alama 10, sawa na maswali kumi ya kuchagua, na ndiyo yanayoachwa wazi kwa sababu mtoto alikwama namba 17 dakika saba. Zoezi linalosaidia: kila Ijumaa karatasi kamili kwa saa, mwalimu anatangaza kila robo saa, swali lililozidi dakika mbili linawekewa nukta pembeni na kurukwa.

Fomu ya majibu ifundishwe kama somo. Penseli ya HB, kivuli kijae ndani ya umbo, ukibadili jibu futa mpaka karatasi iwe nyeupe, maana mashine ikiona vivuli viwili swali limekufa. Kosa baya kuliko yote ni kuruka swali kwenye karatasi bila kuruka kwenye fomu. Majibu yote yanayofuata yanasogea mstari mmoja, na mtoto wa A anatoka na D bila kujua kwa nini.

Tatizo kubwa la wanaoingia la tano kwenye shule hizi zinazofundisha kwa Kiingereza, wakitoka zinazofundisha kwa Kiswahili, ni msamiati, siyo akili. Anajua kutafuta kigawe kidogo cha shirika, anajua sehemu guni, ila hajui vinaitwaje kwa Kiingereza, basi anasimama. Dawa: daftari dogo la mfukoni, maneno 20 kwa wiki, kila neno na mchoro au mfano wa hesabu, siyo tafsiri tupu. Kwa muhula wa wiki 18 ni maneno 360, na hayo yanatosha kusoma swali lolote la Hisabati na Sayansi. Kumvisha kibao shingoni aliyeongea Kiswahili hakufundishi neno hata moja, kunamfundisha kunyamaza.

Mtaala ulioanza 2024 unapeleka elimu ya msingi kwenye miaka 6. Muulize mkuu wa shule mwanao yuko kwenye kundi lipi kabla hujapiga hesabu ya ada.

#4 Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Naomba orodha ya vifaa, maana fomu niliyopewa ina vitu 41, hadi pasi ya mkaa!

#5 Patroni wa Zamu

Marahaba mama. Pasi ya mkaa bwenini hapana, hiyo ni moto. Vinavyohitajika kweli:

Tranka la bati lenye kufuli la funguo mbili, mmoja kwa mtoto, mwingine kwa patroni. Godoro futi 2 na nusu kwa 6, inchi 4, na lenye gamba la plastiki kama inawezekana. Mashuka jozi 2, blanketi 1 (Uru, Njombe, Mbulu weka 2), chandarua chenye dawa. Mashati ya sare 3, kaptura au suruali 2, sweta, nguo za michezo jozi 2, za kushindia 3, na moja nadhifu ya Dominika. Chupi 6, soksi jozi 5. Viatu vya ngozi jozi 1, raba 1, kandambili 2, maana moja itapotea wiki ya kwanza. Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, taulo 2, mswaki 2, sahani, kikombe, kijiko. Sabuni ya mche vipande 4 kwa mwezi vinatosha kufua na kuoga. Rozari, na kitabu cha sala kile parokia yenu inachotumia.

Viatu: msimamishe mtoto juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umetanuka, chora, kisha nunua kinachozidi sentimita moja. Ukizidisha zaidi "avae mpaka mwakani" atapata malengelenge na ataanza kukanyaga visigino.

Alama kwenye nguo zishonwe kwa uzi, jina na namba, ndani ya ukosi na ndani ya mkanda wa kaptura. Kalamu ya wino inafutika kwa mafuo matano. Shati lisilo na namba ni la kijiji.

Kufua ni Jumamosi asubuhi, na mtoto wa la tano afundishwe, maana nyumbani wengi hawajawahi. Loweka shati jeupe nusu saa, paka mche kwenye ukosi na mikono ukiwa umelitandaza kiganjani, sugua nguo kwa nguo na siyo kwa jiwe, suuza maji mawili, anika nje ndani. Wanachokosea: kuloweka jeupe na soksi ndoo moja, na kuanua kabla halijakauka. Shati bichi likiingia trankani Jumamosi, Jumatano lina madoa meusi ya ukungu yasiyotoka.

Pesa ya matumizi inakaa kwa patroni, kwenye daftari lenye sahihi ya mtoto kila anapochukua. Pesa trankani huzaa wizi, na wizi huzaa msako wa saa 5 usiku.

#6 Nesi wa Mission

Nianze na maji, maana ndiko maradhi yanakoanzia. Kiwango ni tundu moja la choo kwa wavulana 25. Shule ya wavulana 300 ihesabiwe matundu 12 yanayofanya kazi, siyo 12 yenye milango na manne yamefungwa kwa misumari. Sehemu ya kunawa iwe hatua chache kutoka chooni, na sabuni iwe imefungwa kwenye wavu.

Mapunye. Mafuta ya kupaka hayafiki kwenye mzizi wa unywele, kwa hiyo mtoto anapakwa miezi mitatu na kichwa kiko vile vile. Ni vidonge, griseofulvin kwa kawaida, wiki 6 mpaka 8 baada ya kuonwa na daktari. Na chanzo ni mashine moja ya kunyolea inayopita vichwa 80 Jumamosi moja. Ichovywe au ipanguswe kwa spiriti kila kichwa, na wenye mapunye wanyolewe mwisho.

Upele. Dawa hupakwa mwili wote kuanzia shingoni kushuka, katikati ya vidole na makwapani pia, na bweni zima siku hiyo hiyo pamoja na patroni. Ukimtibu anayejikuna peke yake, jirani yake wa kitanda atamrudishia ndani ya wiki chache. Mashuka yachemshwe.

Kunguni. Kuanika godoro juani asubuhi moja hakutoshi, wanajificha kwenye pindo na viungo vya kitanda. Maji yanayochemka kwenye vyuma vya kitanda, mashuka kwenye maji ya moto, dawa kwenye nyufa, na kurudia baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza na huanguliwa kama baada ya wiki. Shule ikipuliza mara moja tu imewapa likizo.

Kukojoa kitandani. Katika watoto 20 wa miaka 10, mmoja hivi bado anakojoa usiku. Bweni la 60 tegemea watatu. Si uvivu. Vinywaji vipungue baada ya saa 12 jioni lakini mchana anywe vizuri, aende haja kabla ya kulala, patroni amwamshe taratibu kama saa 5, godoro liwe na gamba la plastiki, na kitanda kiwe karibu na mlango bila kupewa jina. Shuka lake lifuliwe mapema na kuanikwa mahali pasipo njia ya paredi. Akianza ghafla wakati alikuwa ameacha, au mkojo ukiwa na damu, mpeleke hospitali. Kando ya ziwa na kwenye mabonde ya mpunga fikiria kichocho. Anayemtembeza mtoto na godoro kichwani mbele ya wenzake afukuzwe kazi, sina lugha nyingine.

Na wazazi: dawa za mtoto mwenye pumu, sikoseli au kifafa zikabidhiwe mkononi kwa nesi na maandishi ya daktari, zisizikwe chini ya tranka.

#7 Jikoni Kwetu

Nimeona swali la chakula litakuja, nijibu mapema. Kwa wavulana 300, mlo mmoja wa ugali maharage:

Unga kilo 55. Maharage makavu kilo 22. Vitunguu kilo 5, nyanya kilo 8, mafuta lita 3. Mchicha au kabichi iwepo kila siku, na tunda angalau mara tatu kwa wiki. Uji wa asubuhi lita 90: unga kilo 8 au 9, sukari kilo 4 na nusu.

Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemshwe kwa moto mkali, siyo kufukutwa. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha ndani ya saa chache, na ndiyo hayo unayosikia "wanafunzi wameharisha bweni zima" wakati mpishi alichelewa kuwasha. Magadi kwenye makande yanalainisha, kweli, lakini yanaua vitamini B. Kama kuni ni tatizo, loweka muda mrefu zaidi. Kuna na agizo la Serikali la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa, kwa hiyo uliza jiko la gesi limefikia wapi.

Ghala ndiyo roho ya jiko. Mahindi juu ya chaga, mbali na ukuta, yaliyokauka vizuri. Mahindi yenye unyevu hushika ukungu na kuleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ukipewa ruhusa ya kuona jiko, usiangalie sufuria. Omba kuona ghala, chota mahindi, nusa.

#8 Kibonge wa Uru

Kilo 55 kwa 300 si nyingi? Hapo ni gramu 180 kwa kichwa.

#9 Jikoni Kwetu

Gramu 180 za unga mkavu, ndiyo. Mvulana wa miaka 12 aliyetoka mpirani anazimaliza na kuomba ukoko. Ukiona shule inapika kilo 30 kwa 300 ndipo utaelewa kwa nini biskuti ni fedha bwenini.

#10 Sakristani

Tumsifu Yesu Kristo.

Upande wa altare. Wavulana wengi wa la tano hutaka kuwa watumikiaji, na hapo ndipo shule hizi hufundisha utaratibu kuliko darasani. Mafunzo ya wiki sita, saa moja kila Jumamosi, yanatosha: majina ya vyombo (kalisi, patena, sibori, korporale, chetezo), mahali pa kila kimoja, kutembea bila kukimbia, kupokea na kukabidhi kwa mikono miwili, kengele wakati wa mageuzo. Mtumikiaji wa kengele asimame mahali anapoona mikono ya padre. Akiweka macho kwenye kitabu atachelewa.

Chetezo ndicho kinachowaumbua. Mkaa uwashwe dakika kumi kabla ya maandamano, vipande vidogo vya mkaa mgumu vilivyoshika moto mpaka ndani, jivu la juu lipeperushwe. Mfuniko usikae umefungwa muda mrefu, moto unakosa hewa. Mkono wa kushoto ushike juu ya mnyororo kifuani, wa kulia ushike karibu na kifuniko. Anayeshika juu tu chetezo kitazunguka na kumgonga goti. Ubani huwekwa na padre, mtumikiaji anafungua na kusogeza kijaluba. Chini ya stendi weka kigae au bati, kaa moja likidondoka kwenye zulia limeshatoboa.

Kuzimia. Kila shule ina mtoto anayeanguka kwenye misa ya alfajiri. Sababu mbili: tumbo tupu tangu jana saa 1 jioni, na kusimama magoti yamekazwa. Mfungo wa kabla ya Komunyo ni saa moja tu, na maji au dawa havivunji mfungo. Hakuna sheria ya Kanisa inayomtaka mtoto asitie kitu kinywani tangu jana. Kikombe cha uji saa 11:40 kwa watumikiaji wa misa ya saa 12:45, na uwafundishe kulegeza magoti. Ratiba ya mleta uzi inaweka misa saa 12 kabla ya uji. Mimi ningeibadili siku za misa.

Majina ya mabweni, mtaona Kizito, Lwanga, Savio, Tarsisio. Hayako bure. Kizito ndiye mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi wa Uganda, aliuawa Namugongo 3 Juni 1886. Dominiko Savio alikuwa mwanafunzi wa Yohane Bosco, akafa 1857 kabla ya kutimiza miaka 15. Mtoto apewe habari ya jina la bweni lake wiki ya kwanza, vinginevyo Kizito inabaki kuwa timu ya mpira.

Kwaya: sauti ya mvulana huvunjika popote kati ya miaka 12 na 14. Anayepasuka sauti asilazimishwe soprano, ahamie alto, akishindwa apige ngoma au ageuze kurasa za nota.

#11 Mama Wawili

Asante sana. Je, wasio Wakatoliki? Na akipata Kipaimara shuleni, sisi parokia yetu ni nyingine.

#12 Sakristani

Wasio Wakatoliki wanapokelewa, wamo Walutheri, wamo Waislamu. Uhuru wa dini umo kwenye Katiba, ibara ya 19. Kinachodaiwa ni utulivu wakati wa sala. Hapokei Komunyo, haandikishwi kwenye mafundisho bila maandishi ya mzazi. Weka hilo kwenye fomu, usitegemee mazungumzo ya ofisini. Kwa mtoto Mwislamu uliza mapema juu ya nyama, daku na futari, upate jibu la mpishi, siyo la katibu.

Kipaimara: shule iombe cheti cha ubatizo kwanza. Baada ya sherehe, jina liandikwe kwenye daftari la parokia ilipotolewa, na taarifa ipelekwe parokia alikobatizwa, ikaongezwe pembeni ya jina lake. Hapo ndipo panapolegea. Matokeo yake huonekana miaka kumi na tano baadaye, kijana anataka kufunga ndoa au kuingia upadre, daftari halina Kipaimara na shule imeshabadili wakuu watano. Chukua nakala ya cheti siku hiyo hiyo, kisha piga simu ofisi ya parokia ya ubatizo baada ya mwezi.

Na seminari ndogo, kina Rubya, Katoke, Itaga, Likonde, Uru: kusoma shule ya Kikatoliki hakumpi mtoto nafasi. Kuna usaili, kuna cheti cha ubatizo, kuna barua ya paroko wa nyumbani. Mtoto ambaye likizo haonekani parokiani kwao, paroko ataandika nini?

#13 Mpita Njia

Viboko je? Maana "nidhamu ya Kikatoliki" watu wanaielewa kuwa fimbo.

#14 Patroni wa Zamu

Kanuni za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Patroni hayumo. Kiranja hayumo kabisa. Omba kukiona kitabu. Kikiwa hakipo, basi wanachapa bila kuandika. Kwa wavulana wa rika hili adhabu inayoshika ni ya kurekebisha kilichoharibiwa: aliyemwaga maji ya mwenzake anayachota, aliyechelewa prepo anamaliza daftari Jumamosi wenzake wakiwa mpirani. Kunyimwa chakula isiwe adhabu hata siku moja.

#15 Mzee wa Kengele

Naongezea moto, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia. Kyerwa mwaka 2020 watoto 10 waliteketea bwenini. Endarasha, Nyeri, Kenya, Septemba 2024, wavulana 21. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataja vipimo ambavyo hata huku vinafaa kubebwa mfukoni: mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya katikati mita 2, mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje na iwe na upana wa futi 5, madirisha yasiwe na nondo. Kwetu nondo ndizo zinazoonekana kuwa usalama, kwa ajili ya wezi. Na mlango wa pili hufungwa kwa kufuli kutokea nje ili watoto wasitoroke, funguo iko kwa mlinzi aliye getini.

Mazoezi ya kutoka yafanyike mara moja kila muhula, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Bweni la 60 likizidi dakika mbili, kuna kitu kimeziba njia, mara nyingi ni matranka yaliyopangwa katikati. Yasogezwe chini ya vitanda, urudie.

#16 Mama Wawili

Jumamosi ijayo nina siku ya kutembelea shule. Nina kama nusu saa kabla ya mkutano. Nianzie wapi?

#17 Mzee wa Kengele

Fika kabla hawajakutarajia, saa 3 asubuhi, wakiwa wanafua. Usianzie ofisini. Ingia bwenini na mwenyeji wako, sukuma mlango wa pili uone kama unafunguka. Inua godoro moja la katikati, siyo la kitanda cha mlangoni, uangalie pindo la upande wa ukutani kama lina vidoa vyeusi. Muulize patroni majina ya watoto watano waliopo hapo. Akiyasoma kwenye karatasi, endelea kuuliza. Nenda vyooni, fungua mabomba. Pita jikoni, omba ghala. Halafu tafuta mtoto wa la tano anayefua peke yake, msalimie, muulize kitu kimoja tu: ukiumwa usiku unamwamsha nani? Mwangalie anavyojibu, kisha mpe pole na kufua, uende mkutanoni.

#18 Nesi wa Mission

Na mwanao akishaingia, siku ya kwanza ya kumtembelea mvue soksi, umwangalie miguu.